Land Rover 109 inazunguka lakini haiwaki: shajara ya mradi, Tanga

Hali ya kuanzia

Gari ni Land Rover 109 Series III, pikapu, ya mwaka 1977, usukani kulia. Injini ni ile ya petroli ya lita mbili na robo (cc 2286), silinda nne, kabureta moja aina ya Zenith 36IV, distribyuta (kigawa cheche kwa silinda) Lucas 45D4 yenye pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili), umeme wa volti 12, hasi kwenye bodi. Limekaa miaka minne chini ya banda la makuti hapa Tanga, karibu kabisa na bahari. Ukaribu huo si jambo dogo. Hewa ya chumvi haili bati peke yake, hula kila mahali ambapo waya umekutana na chuma.

Malalamiko yaliyokuja na gari ni mafupi: stata inazunguka, injini haiwaki. Kabla ya kufika hapa lilishafanyiwa bandika-bandua. Betri mpya, koili (inayokuza volti za cheche) mpya, plagi nne mpya, pointi, kondensa (inayozuia pointi zisimweke) na rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) mpya. Vilivyotolewa vimo kwenye ndoo nyuma ya kiti, na ndoo hiyo tumeihifadhi.

Injini ya petroli inadai mambo manne tu ili iwake: izunguke kwa kasi ya kutosha, ibane hewa, ipate cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na ipate petroli nzuri kwa kipimo. Tunayafuata kwa mpangilio huo. Hakuna kitu kitakachobadilishwa kabla hakijapimwa, na hayatabadilishwa mambo mawili kwa mpigo, maana gari likiwaka hutajua lipi lililoliponya.

Vifaa ni multimita ya kawaida, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), balbu ya wati 5 iliyounganishwa nyaya mbili, geji ya kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), sirinji ya mililita 10, chupa safi ya lita 1, msasa namba 400, na hendeli ya gari lenyewe, yaani mpini wa kuzungushia injini kwa mkono. Hendeli hiyo ndiyo inayoifanya 109 iwe rahisi kuchunguza kuliko magari mengi ya umri wake: unaweza kuisogeza injini nyuzi chache tu, ukasimama, ukapima.

Siku ya 1: mkono kabla ya umeme

Injini iliyolala miaka minne haipigwi stata kwanza. Ringi zikiwa zimeshika kutu kwenye ukuta wa silinda, stata itazivunja. Plagi zote zimetolewa, kila silinda imetiwa mililita 10 za oili ya injini kwa sirinji, na gari limelala hivyo usiku kucha. Asubuhi, gia ikiwa huru, hendeli imezunguka bila kukwama popote. Kuna uzito kidogo mahali pamoja, umekwisha baada ya mizunguko kama 20.

Namna ya kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mshikio. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini yenye taimingi (wakati wa cheche) mbovu ikirusha hendeli nyuma, mkono uliofunga gumba huvunjika kifundo.

Oili ya injini iko kwenye kipimo, nyeusi, haina maji. Radieta imejazwa. Hadi hapo hakuna la kutisha, na hilo ni muhimu kwa sababu watu wengi wakifika kwenye hali hii huishia kuing'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli, ilhali hawajaishika hata mara moja kwa mkono.

Siku ya 2: umeme wa stata

Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6, yaani imejaa. Plagi zikiwa zimerudishwa na waya mkuu wa koili umechomolewa na kufungwa kwenye bodi, stata inazunguka kivivu, na wakati mwingine inatoa mlio wa "tk" na kunyamaza. Hapo ndipo mtu hukimbilia kununua betri. Kinachotakiwa ni kupima volti zinazopotea njiani wakati stata inazunguka, maana waya mbovu husoma volti 12 safi kabisa wakati hauna kazi. Ubovu wake huonekana pale tu unapobeba mzigo.

Mtu mmoja anapiga stata kwa sekunde tano, mwingine anasoma mita. Kati ya nguzo mbili za betri: 10.6. Kati ya teminali ya stata na mwili wa stata: 7.2. Kwa hiyo volti 3.4 zinapotea kati ya betri na stata, na lazima zionekane mahali fulani. Tukaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si klipu) na nyingine kwenye bloku ya injini, stata ikazungushwa: 2.5. Upande wa chanya, kutoka nguzo hadi teminali ya stata: 0.9. Jumla 3.4, hesabu imefunga. Kwa volti 12, upande mmoja ukizidi nusu volti hivi, kuna kazi ya kufanya upande huo.

Upande hasi tukaugawa tena. Kutoka nguzo hadi chesi (fremu ya gari) 0.2, kutoka chesi hadi bloku 2.3. Injini ya 109 imekaa juu ya raba, kwa hiyo mkondo wote wa stata unarudi kupitia utepe mmoja wa waya wa kusuka unaoiunganisha injini na chesi. Utepe huo kwa macho ulikuwepo. Ulipofunguliwa, ncha yake ya upande wa chesi ilikuwa unga wa kijani, na chini yake kuna rangi. Mtu aliipaka chesi rangi kisha akafunga ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) juu ya rangi.

Ethi ya injini ikifa, umeme haukubali kukaa tu. Unatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni waya wa choki na vyuma vya akselereta. Tulipogusa ganda la waya wa choki baada ya kupiga stata mara tatu, lilikuwa la moto. Tumeliandika, tutalirudia.

Utepe mpya umetengenezwa kwa kebo ya milimita za mraba 35, viatu vya shaba vimebanwa kwa koleo lake, na chesi imekwanguliwa hadi chuma king'ae, mduara mpana kuliko kiatu. Bolti ina washa ya meno, na juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa imepakwa vaselini. Vaselini ipakwe baada ya kukaza, isipakwe kabla. Upande wa chanya, nusu volti ilikuwa inapotelea ndani ya swichi ya solenoidi, na 0.4 iliyobaki kwenye klipu ya betri iliyolegea. Klipu imesafishwa na kukazwa. Solenoidi imeachwa kwa sasa.

Vipimo vya pili: betri 10.2, stata 9.5, upande hasi 0.2, chanya 0.5. Betri imeshuka chini ya mwanzo, na hiyo ni habari njema, maana sasa stata inavuta mkondo inaoutaka. Injini inazunguka kama inayojua inakokwenda.

Kuna jambo la stata hii ambalo hukosewa sana. Ni ya aina inayorusha pinioni (gia yake ndogo) kwa kasi yake yenyewe kwenye uzi wa shafti. Ukisikia inavuma bila kuigusa injini, uzi huo una uchafu. Usitie grisi. Grisi hukusanya vumbi la klachi, pinioni hugandia na kesho yake tatizo ni lile lile. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, iache ikauke.

Siku ya 3: kompresheni

Kipimo hiki kimesubiri hadi stata ipone, kwa sababu injini inayozunguka kivivu hutoa namba za uongo. Plagi zote nje, akselereta imekanyagwa hadi mwisho, injini ikapewa mibano sita kwa kila silinda. Silinda ya 1: psi (kipimo cha mgandamizo) 125. Ya 2: 120. Ya 3: 70. Ya 4: 122.

Kwa injini kongwe iliyolala, 120 inawasha gari. Usawa kati ya silinda una maana kuliko ukubwa wa namba. Silinda ya 3 ikatiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: 74. Kama ringi ndizo zingekuwa mbovu, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Haikupanda, basi hewa inatoka kwenye valvu.

Kabla ya kufikiria kufungua silinda hedi, tumefungua kifuniko cha juu na kupima tapeti, yaani nafasi iliyoachwa juu ya kila valvu ikiwa imefungwa. Kipimo cha injini hii ni milimita 0.25 (inchi 0.010) kwa valvu zote nane, za kuingiza na za kutoa. Njia ya kukumbuka ni jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 6 ikifunguka, pima ya 3, ya 4 ikifunguka, pima ya 5, na kadhalika. Valvu ya 5, ambayo ni ya silinda ya 3, haikuwa na nafasi hata ya kupitisha fila ya 0.05. Ilikuwa inashikiliwa wazi muda wote. Imewekwa 0.25, na nyingine tatu zimerekebishwa kidogo. Silinda ya 3 sasa: 104. Si nzuri, lakini haizuii gari kuwaka. Kiti cha valvu hiyo kitahitaji kusagwa siku zijazo.

Siku ya 4: cheche, au safari ndefu kutoka koili hadi plagi

Hapa ndipo palipokuwa na mengi.

Tuanze na lile la juzi. Pointi za distribyuta nazo hupata ethi kupitia bloku ya injini. Wakati bloku imeachana na hasi ya betri kwa volti 2.5, koili nayo ilikuwa inanyimwa volti hizo hizo katika sekunde ile ile ambayo injini ilihitaji kuwaka. Ethi moja mbovu ilikuwa inaiba kwenye stata na kwenye cheche pamoja. Ndiyo maana kila aliyepima koili gari likiwa limesimama aliiona nzima.

Swichi ikiwa imewashwa, injini imesimama, pointi zimefungika: chanya ya koili 11.9, hasi ya koili 1.9. Ile 1.9 ilitakiwa iwe chini ya 0.2. Pointi zilizofungika maana yake ni waya uliokwenda moja kwa moja ethi, na volti zozote zinazoonekana hapo zimepotea. Kipimo kati ya bamba linalobeba pointi na mwili wa distribyuta kilitoa 1.4: kiwaya chake kidogo cha ethi kimebaki nyuzi mbili tatu. 0.5 iliyobaki ni pointi zenyewe. Zilikuwa mpya, lakini zilifungwa na filamu ya mafuta ya kiwandani bila kufutwa. Karatasi ngumu iliyochovywa kwenye spiriti, ikapitishwa kati yake mara nne, na kiwaya kipya cha ethi kikalehemewa. Hasi ya koili sasa inasoma 0.12.

Halafu nafasi ya pointi. Kipimo ni milimita 0.35 hadi 0.40, zikiwa kwenye ncha ya juu kabisa ya kamu (nundu ya shafti inayozifungua). Tulikuta 0.65. Nafasi ikizidi, pointi hukaa zimefungika muda mfupi, koili haijai, na taimingi inakwenda mbele bila mtu kuigusa. Kwa 45D4, pembe ya kufungika ni nyuzi 51, kosa lisizidi 5. Imewekwa 0.38, na kamu imepakwa grisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Zaidi ya hapo itarukia kwenye pointi.

Ukifunga pointi mpya, angalia jambo jingine: zikiwa wazi, hasi ya koili lazima isome volti za betri. Ikisoma sifuri, umefunga kiwaya upande usio sahihi wa kizuizi cha plastiki na umeme unakwenda ethi daima. Hapa ilisoma 12.3.

Koili. Ukinzani wa njia ya kwanza, kati ya teminali mbili ndogo, ulisoma omu 1.4. Hiyo ni koili ya magari yenye kipunguza umeme njiani, na gari hili halina. Kwa volti 12 ingevuta karibu ampea 8.6, wakati koili sahihi ya omu 3.2 huvuta chini ya 4. Matokeo yake ni pointi kuungua, koili kuchemka, na katika wiki chache gari kuzima njiani. Anayenunua koili kwa kuangalia umbo na rangi ananunua mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nendeni dukani na mita. Koili ya zamani tuliitoa kwenye ndoo: omu 3.2, na njia ya pili omu elfu kadhaa bila kukatika. Imerudishwa mahali pake, teminali hasi ikienda kwenye distribyuta.

Sasa waya mkuu ulichomolewa kwenye kifuniko cha distribyuta, ncha yake ikashikwa kwa koleo lenye mpini mkavu wa raba, milimita 6 kutoka kwenye bloku. Pointi zikafunguliwa kwa bisibisi ya mti. Cheche ya bluu, yenye sauti, kila mara. Waya ukarudishwa, plagi ya silinda ya 1 ikalazwa kwenye bloku, stata ikapigwa. Hakuna kitu. Plagi ya 2, hakuna. Zote nne, hakuna.

Cheche nzuri inaingia kwenye kifuniko na haitoki. Kati hapo kuna vitu viwili tu: kifuniko na rota. Kifuniko kilisafishwa na kuangaliwa juani: hakina ufa wala mstari mweusi wa njia ya umeme, na kaboni ya katikati inarudi vizuri ikibonyezwa. Rota ikajaribiwa hivi. Ikae kwenye shafti yake, ncha ya waya mkuu ishikwe milimita 3 juu ya shaba ya katikati, kisha pointi zifunguliwe. Rota nzima haina pa kuupeleka umeme, kwa hiyo cheche hairuki. Ya kwetu iliruka kila mara. Umeme ulikuwa unapenya plastiki, unashuka kwenye shafti na kwenda ethi.

Rota hiyo ni mpya na kwa macho ni nzima. Kasoro yake ni ribiti ya shaba inayoshika bamba la juu: imeshuka chini mno kwenye plastiki, na kati yake na shafti umebaki unene mdogo usioweza kuzuia maelfu ya volti. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa rota za bei rahisi za distribyuta hizi. Ukinunua, chagua isiyo na ribiti. Mita ya kawaida haiwezi kuugundua, ni jaribio hilo la cheche tu. Kwenye ndoo kulikuwa na rota ya zamani iliyolika ncha, imepitishwa msasa kidogo na kujaribiwa: cheche hairuki. Imefungwa hadi mpya sahihi ipatikane. Plagi zote nne sasa zina cheche. Nafasi ya ncha za plagi imewekwa milimita 0.75.

Wapo watakaosema weka mfumo wa elektroniki usahau pointi. Si kosa. Lakini pointi unaweza kuzifufua porini kwa kipande cha msasa, na boksi la elektroniki likifa porini, limekufa.

Siku ya 5: mpangilio wa nyaya na taimingi

Stata ikapigwa kwa mara ya kwanza ikiwa na cheche. Injini ikatema moto kupitia kabureta, kisha ikatulia. Kutema ni dalili yenye maana: cheche imefika wakati valvu ya kuingiza iko wazi.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na rota ya injini hii inazunguka kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Nyaya zilikuwa zimepangwa 1-3-4-2 kwa kufuata saa. Ukizipanga hivyo, waya wa 1 na wa 4 hubaki mahali sahihi kwa sababu zinatazamana, ila wa 3 na wa 2 hubadilishana. Silinda hizo mbili hupata cheche mzunguko mmoja mzima wa krankshafti nje ya wakati wake, pale ambapo moshi unamalizia kutoka na valvu ya kuingiza inaanza kufunguka. Ndiyo maana ya kutema. Nyaya mbili zimebadilishwa, kazi ya nusu dakika.

Taimingi: plagi ya 1 nje, kidole juu ya tundu, hendeli polepole hadi hewa isukume kidole. Hapo pistoni inapanda kwenye mbano. Endelea hadi alama ya puli ifike kwenye kidoto cha nyuzi 6 kabla ya kilele, kilichoko kwenye kifuniko cha mbele. Ukipita, usirudi nyuma kidogo tu. Rudi robo mzunguko kisha uje mbele tena, ili ulegevu wa cheni usikudanganye. Balbu ya wati 5 ifungwe kati ya hasi ya koili na bodi, swichi iwashwe. Pointi zikifungika balbu huzima, zikianza kufunguka huwaka. Legeza bolti ya distribyuta, izungushe hadi pale balbu inapowaka tu, kaza. Injini ikigonga ikipandisha kilima tutairudisha kwenye nyuzi 3.

Mililita 5 za petroli mpya kwa sirinji kwenye koo la kabureta, bomba la hewa likarudishwa kwanza, ndipo stata ikapigwa. Usimwage petroli kwenye kabureta iliyo wazi huku mwenzako akipiga stata. Injini iliyotema asubuhi inaweza kutema tena, na boneti nzima itashika moto. Injini iliwaka, ikanguruma sekunde nne, ikazima. Imerudiwa mara mbili, sekunde nne zile zile. Inawaka kwa unachoipa na kuzima kikiisha, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya mafuta.

Siku ya 6: kutoka tangi hadi jeti

Pampu ya mafuta ya injini hii ina bakuli la kioo na kijiwiko cha kupampu kwa mkono. Kijiwiko kikiwa kilegevu bila uzito, usiilaumu pampu bado. Kamu imesimama mahali inapoinua mkono wake, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Mapigo 30 yalitoa mililita 60 na povu. Povu ni hewa.

Bomba la kuingizia likachomolewa na kutumbukizwa kwenye chupa ya lita 1 iliyowekwa pembeni: mapigo 30, mililita 210, bila povu. Pampu imepona shtaka. Kasoro iko nyuma yake. Mpira mfupi kati ya bomba la chuma na pampu ulikuwa na nyufa zinazoonekana ukiukunja, ukitulia hauoni kitu. Petroli haivuji hapo kwa sababu upande huo unavuta, hausukumi, hivyo unaingiza hewa kimya kimya. Umebadilishwa.

Kifuniko cha tangi kilipofunguliwa kilivuta pumzi. Bomba la kupumulia la tangi limezibwa na nyigu wa tope, wale wanaojenga kwenye kila tundu la ukubwa wa penseli. Tangi lisilopumua huachia mafuta kidogo, kisha utupu wa ndani unashinda pampu. Waya laini umelisafisha, na kitambaa cha wavu kimefungwa mdomoni.

Petroli iliyokuwemo, lita 9, ni ya kahawia na ina harufu ya vanishi. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayowasha injini ikiwa baridi, huruka kwanza, na inayobaki inaacha gundi. Imemwagwa yote kwenye dumu la kuoshea vyuma. Chujio la ndani ya tangi lilikuwa na gundi hiyo pamoja na kutu.

Kabureta nayo ilikuwa imekula gundi hiyo. Nidli ya boya imegandia kwenye kiti chake, na jeti kuu imeziba nusu. Jeti husafishwa kwa kuloweka na kupuliza hewa, si kwa kuchokoa kwa waya: jeti iliyopanuliwa kwa waya hairudi. Kasoro ya asili ya 36IV ni kupinda kwa nyuso zinapokutana nusu mbili, kwa sababu watu hukaza skrubu kupita kiasi. Rula iliyonyooka na fila zimeonyesha mpindo wa 0.15. Msasa 400 juu ya kioo cha dirisha, mizunguko ya namba nane, hadi uso wote ung'ae sawasawa. Gasketi mpya na pete mpya ya mpira kati ya nusu hizo. Ukiacha mpindo huo, injini huvuta petroli nje ya njia yake na hakuna skrubu ya sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga) itakayokusikiliza.

Choki ikavutwa: kilango kimefunga nusu tu. Waya wa ndani umeshikana na ganda lake lililoyeyuka. Ni lile joto la Siku ya 2. Mkondo wa stata ulikuwa unapita humo kwa muda mrefu kabla gari halijaletwa. Waya mzima umebadilishwa, na kilango sasa kinafunga kabisa.

Lita 10 za petroli mpya tangini, mapigo ya mkono hadi bakuli lijae, choki yote. Stata sekunde tatu, injini imewaka na imeendelea kuwaka. Taa ya oili imezima. Alteneta inasoma 14.1.

Siku ya 7: imezima ikiwa ya moto

Baada ya dakika 25 za kunguruma, injini imeanza kukohoa, ikazima, ikakataa kurudi. Bakuli limejaa, kabureta inarusha petroli ukikanyaga, hivyo si mafuta. Cheche ya waya mkuu sasa ni ya njano, nyembamba, na pointi zenyewe zinatoa mwanga mkubwa kila zikifunguka. Pointi zikimweka hivyo, kondensa haifanyi kazi yake. Ikitolewa baridi inasoma maikrofaradi 0.20, sawa kabisa. Ikipashwa kwa mashine ya kukaushia nywele, usomaji unapotea. Nayo ni mpya.

Ile ya zamani kutoka kwenye ndoo: 0.21 baridi, 0.21 moto. Imefungwa.

Siku ya 8

Baridi, asubuhi: choki yote, sekunde mbili za stata, imewaka. Saa moja ya kunguruma bila kukohoa. Imezimwa ikiwa ya moto, ikaachwa dakika 20, ikawaka bila choki. Baadaye ikawashwa kwa hendeli, mvuto wa pili.

Yaliyobaki: rota isiyo na ribiti, solenoidi (ile nusu volti bado ipo), kuosha tangi lote kwa sababu kutu itarudi kwenye chujio, na kusaga valvu ya 5. Silinda ya 3 imepimwa tena ikiwa ya moto: 109.